Joto la Abiria

Jumatatu, tarehe 2

Daktari wa zahanati ndiye aliyeniambia niandike. Nilimwendea kwa sababu ya kukosa usingizi. Akaniuliza naishi na nani, nikamwambia naishi na mabomba. Hakucheka. Akaniuliza nashika simu kwa saa ngapi kwa siku. Nikajibu kidogo tu, na wakati huohuo simu ilikuwa mkononi mwangu, kidole gumba kikipanda na kushuka chenyewe kama kidole cha mtu mwingine. Akaiangalia simu, akaniangalia mimi.

"Nunua daftari, mama," akasema. "Kila siku andika saa ulizokaa na simu, na watu uliozungumza nao ana kwa ana. Baridi ikiisha uje nalo."

Daftari nimenunua. Saa sitaandika.

Jumanne, tarehe 3

Ana kwa ana: mfagiaji wa ukumbini. Yeye, "Habari za asubuhi?" Mimi, "Nzuri." Basi.

Alhamisi, tarehe 5

Niieleze kazi yangu, maana hata mdogo wangu wa tumbo moja hajaielewa mpaka leo. Akiulizwa na watu anasema, "Dada yangu anatengeneza hita."

Chini ya jengo letu kuna ukumbi wa abiria wa treni. Juu yake ghorofa saba, nyumba arobaini na mbili. Abiria wanaingia kwa maelfu, wanakimbia, wanagombana na mizigo, wanasimama foleni, na kila mwili unatoa joto. Joto hilo hupanda darini. Zamani lilipotelea nje. Sasa kuna feni zinazolivuta, linapita kwenye mabomba ya maji, mtambo wangu unalikamua na kulikoleza, na maji ya moto yanapanda hadi kwenye mabomba ya ukutani ya wakazi. Abiria hawajui. Wanaacha joto lao pale kama mtu anayesahau mwavuli, nao wakazi wa juu wanaota joto la watu wasiowajua.

Kazini mimi nakaa chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha, mbele ya skrini. Ukumbi ukijaa, skrini ni nyekundu. Watu wakipungua inakuwa manjano, halafu buluu. Kwa miaka kumi na moja nimewajua watu kwa rangi.

Mwalimu wa nyumba namba kumi na tisa amepiga simu tena. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, bibi wa miaka themanini na mmoja, anaishi peke yake ghorofa ya nne, upande wa mashariki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Fundi, mabomba yangu yamenuna."

"Yamenuna vipi?"

"Hayasemi. Jana yalikuwa yanakoroma, leo kimya. Au maji hayapandi?"

Nikaangalia skrini. Nyumba namba kumi na tisa, nyuzi ishirini na moja. Nikamwambia yanapanda, tena vizuri. Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akauliza kama huko nje theluji imeanza. Nikamwambia mimi sina dirisha, yeye ndiye mwenye dirisha. "Ah, kweli," akasema, na akawa bado yupo kwenye simu, anapumua. Nilikata mimi.

Ijumaa, tarehe 6

Mama alikufa mwaka jana, mwisho wa baridi. Nilimuuguza miaka tisa katika nyumba hii hii ninayokaa, ghorofa ya pili, niliyopewa kwa sababu ya kazi. Kwa miaka tisa nilikuwa nikitamani saa moja tu ya kukaa kimya. Sasa ninazo zote.

Nyumba ilipokuwa tupu ndipo nikampata Dada Kikombe. Hilo ndilo jina tunalomwita sisi watazamaji wake, kwa kuwa kikombe hakimtoki mkononi. Anarusha matangazo ya moja kwa moja mtandaoni kila siku, saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Anakunywa chai, anachana nywele, anaeleza alivyoota, anamwagilia ua lake. Hakuna zaidi. Lakini anakutazama machoni. Anasema, "Umeamkaje, mpenzi?" Nami, nasema kweli, nimewahi kumjibu kwa sauti, nikiwa na kijiko mdomoni.

Watazamaji tupo elfu sita. Mimi naitwa Mabomba.

Jumapili, tarehe 8

Mdogo wangu alipiga. Sikupokea. Ilikuwa saa kumi kamili.

Jumatano, tarehe 11

Mwalimu: komeo la dirisha lake limelegea, upepo unapenya. Nimemwambia nitakuja. Leo amepiga mara tatu. Mara ya tatu aliniuliza kama najua kwamba namba kumi na tisa haigawanyiki. Nikasema, "Mwalimu, niko kazini." Akasema, "Nami pia nilikuwa kazini, miaka arobaini." Akacheka peke yake.

Ijumaa, tarehe 13

Msimamizi wa jengo ameshuka mwenyewe mpaka chumbani kwangu, jambo asilolipenda kwa sababu ya ngazi na magoti yake. Kuanzia Jumanne ukumbi utafungwa siku kumi na nane. Reli zinabadilishwa. Hakuna treni, hakuna abiria.

"Kwa hiyo hakuna joto," nikasema.

"Kuna boila la gesi la akiba. Si ndiyo kazi yake?"

"Lile halijafanya kazi ya siku nzima tangu niajiriwe."

"Basi wewe na lenyewe mfahamiane," akasema. Si mtu mbaya. Ana wakazi mia na kitu wanaomlalamikia, na juu yake wenye jengo.

Jumatatu, tarehe 16

Boila limewaka. Pampu mbili, ya mashariki na ya magharibi, zinavuta. Nimeunganisha kengele ya mtambo na simu yangu, ili chochote kikisimama nipate arifa popote nilipo.

Dada Kikombe ametangaza kwamba Alhamisi anatimiza miaka mitatu hewani, na atakaa nasi kutwa nzima, asubuhi hadi jioni, akisoma barua za watazamaji. Nimemwandikia kuhusu Mama. Nimeeleza siku ya mwisho, jinsi alivyoniita kwa jina la dada yake, na mimi nikaitika. Sijawahi kumwambia mtu.

Jumanne, tarehe 17

Ukumbi umefungwa. Skrini buluu tupu, ukuta mpaka ukuta. Sikujua kama ningewakosa. Siwajui hata mmoja.

Jumatano, tarehe 18

Boila lina kelele kama mtoto mchanga. Arifa kila dakika kumi: presha imeshuka kidogo, presha imepanda kidogo, kichujio, presha tena. Asubuhi zimelia mara kumi na nne, zote za bure. Kila ikilia, picha ya Dada Kikombe inakwama.

Nimezima mlio wa arifa. Nitakuwa nakwenda kuangalia mwenyewe.

Baridi kali. Vioo vya mlango mkuu vimeota barafu kwa ndani.

Ijumaa, tarehe 20

Naandika ya jana.

Saa moja asubuhi nilishuka, kila kitu kilikuwa sawa. Nikapanda nyumbani kwangu. Mimi nakaa upande wa magharibi. Saa tatu matangazo yakaanza na mimi nikajifunika blanketi, simu nimeiegemeza kwenye bakuli la sukari.

Akasoma barua ya kwanza, ya pili, ya kumi. Watu wana mambo mazito jamani. Kila barua nilijiambia inayofuata ni yangu. Saa nne na dakika ishirini jina la Mwalimu likatokea juu ya picha. Nikalisukuma kando kwa kidole. Likaja tena. Nikalisukuma. Nilijua ni dirisha, au namba zisizogawanyika, au nimekula nini. Baadaye nikaizuia simu isipokee mtu yeyote mpaka matangazo yaishe.

Saa tisa na nusu akaisoma barua yangu. "Hii inatoka kwa Mabomba," akasema, akacheka jina. Akasoma sentensi nne. Pale nilipoandika kwamba Mama aliniita kwa jina la dada yake, alikuwa ameinama anatafuta kifuniko cha kikombe. Akasema, "Pole sana mpenzi, wakati utakuponya." Halafu akatuonyesha mafuta ya nywele.

Sikulia. Niliendelea kutazama.

Saa kumi na robo mlango ukagongwa kwa kiganja. Alikuwa mshonaji wa ghorofa ya tatu, mwanaume mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, ndiyo kwanza anarudi kutoka dukani kwake.

"Fundi! Upande wetu ni barafu tupu, na wengi bado wako makazini. Nimekupigia mpaka nimechoka. Uko salama?"

Nilishuka ngazi bila viatu. Pampu ya mashariki ilikuwa imesimama. Swichi yake ilikuwa imeruka saa mbili na dakika nane asubuhi. Skrini ilikuwa imeandika hivyo kwa herufi nyekundu, bila hasira. Nikairudisha swichi. Pampu ikaanza kuvuma. Kazi yenyewe haikuchukua dakika moja. Kwa saa nane mtu amesubiri kazi ya dakika moja.

Ndipo nikalikumbuka lile jina nililolisukuma.

Mshonaji alinifuata juu. Nilibisha hodi nyumba namba kumi na tisa, kimya. Nikafungua kwa ufunguo wa dharura. Chumbani mlikuwa na baridi kuliko kwenye ngazi. Dirisha, lile lenye komeo nililoahidi kulitengeneza, lilikuwa wazi kwa upana wa vidole viwili, na pazia lilikuwa linacheza. Mwalimu alikuwa kwenye kiti, amevaa koti, na kofia, na soksi mikononi. Simu ilikuwa mapajani. Hakuwa anatetemeka. Nilidhani hiyo ni nafuu.

"Mwalimu! Shikamoo, Mwalimu!"

Alinitazama kama anayejaribu kukumbuka mwanafunzi wa zamani. "Kaa chini," akasema, na ulimi ulikuwa mzito. "Hujaitwa ubaoni."

Mshonaji akafunga dirisha kwa mkanda wa suruali yake na kuita gari la wagonjwa. Wakamwambia barabara zina utelezi, linakuja, tusimsugue mikono wala miguu, tumfunike na tumkumbatie. Tukamlaza kitandani. Mimi nikalala upande mmoja, mshonaji akasita kidogo, akasema, "Samahani, Mwalimu," akavua koti na kulala upande wa pili, tukajifunika sote kila kitu tulichokiona, hata kitambaa cha meza. Alikuwa mwepesi mno. Shingo yake ilikuwa baridi kama bomba lililozimwa. Nikamwekea shavu langu hapo.

Miaka kumi na moja nimehudumia joto la watu. Sijawahi kulishika.

Gari lilichukua dakika arobaini. Kati ya hizo, dakika kama ishirini alikuwa akihesabu kwa sauti ndogo, kisha akaacha kuhesabu. Mshonaji akaanza kuhesabu yeye, pale alipoishia, ili tu sauti isikatike.

Walipokwisha kumchukua niliifungua simu. Simu saba za Mwalimu. Ya mwisho saa nane na nusu.

Jumamosi, tarehe 21

Yuko hai. Moyo wake umeyumba, yuko wodini.

Msimamizi ameniita. Alikuwa amevimba macho. "Wenye jengo wanataka taarifa," akasema. "Kengele haikufika kwako, sivyo? Wale wa reli wamekata nyaya kila mahali, mtandao ulikuwa chini siku nzima."

Alinifungulia mlango wa kutorokea, mimi nikapita.

"Ndiyo," nikasema. "Mtandao."

Akaandika.

Jumapili, tarehe 22

Mtoto wa Mwalimu amekuja kuchukua nguo zake. Mwanaume wa makamo, anaishi mbali, amesafiri usiku kucha. Alinikuta kwenye lifti akanishika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye Fundi? Dada, bila wewe na yule mshonaji ningekuja kuzika." Alikuwa analia bila kujificha. "Mama anakutaja kila ninapompigia. Fundi kasema hivi, Fundi kala hiki. Nilikuwa najua yupo na mtu."

Lifti ilifika chini. Tulibaki humo mpaka mlango ukajifunga tena.

Jumatatu, tarehe 23

Nimefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya zamani. Nimefungua kumbukumbu za mtambo na kuzilinganisha na daftari la malalamiko. Tangu baridi ya mwaka jana Mwalimu amelalamika mara sitini na tatu. Katika hizo, nyumba yake ilikuwa na baridi kweli mara mbili.

Na malalamiko yalianza lini? Wiki ya tatu baada ya mazishi ya Mama. Kabla ya hapo, hata mara moja.

Nimekaa na hiyo tarehe mbele yangu asubuhi nzima. Nilikuwa nikimwona kikongwe msumbufu anayetafuta mtu wa kumpotezea muda. Kumbe muda wote huo kuna mtu alikuwa ananiuliza kama nimekula.

Jumanne, tarehe 24

Nimeungama. Kwa jina la Mabomba, chini ya matangazo ya Dada Kikombe. Niliandika yote: mlio niliouzima, simu saba, uongo wa mtandao.

Ndani ya saa moja nilipata vikopa, zile alama za moyo, mia mbili na kumi na vinne, na maoni tele. "Usijilaumu mpenzi." "Jipende kwanza." "Kila jambo lina sababu yake." Mmoja aliuliza kama yule bibi alikuwa na ndugu wa kumtunza, maana kosa ni lao.

Niliyasoma yote. Kisha nikailaza simu kifudifudi, nikashuka kuliangalia boila.

Alhamisi, tarehe 26

Sikulala. Boila linaendelea vizuri. Nakaa nalo kutwa.

Ijumaa, tarehe 27

Ana kwa ana: hakuna.

Jumapili, tarehe 29

Mdogo wangu alipiga saa kumi, nikapokea. Alinyamaza kwanza, nadhani alishazoea kuisikiliza ikiita tu.

"Dada? Kuna nini? Nani kafa?"

"Kwani nikipokea lazima awe kafa mtu?"

"Tangu mwezi wa pili hujapokea. Mke wangu anasema nakupigia kama mtu anayenunua bahati nasibu."

Nikacheka, na katikati ya kicheko nikaanza kumweleza. Nilieleza yote. Watoto walikuwa wanapiga kelele nyuma yake, nikasikia anatoka nje na kufunga mlango. Nilipomaliza nilingoja aseme pole. Nilingoja kwa hamu kama nilivyongoja ile barua isomwe.

"Dada," akasema, "nakupenda. Lakini mbona unaniambia mimi? Siyo mimi niliyepigwa na baridi."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Na baada ya kumwambia yeye," akasema, "unipigie. Siyo Jumapili. Siku hiyohiyo."

Jumatatu, tarehe 30

Nimemwambia Msimamizi kwanza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Nilikupa njia," akasema.

"Ulinipa. Nikaipita."

"Sasa nifanye nini na ile karatasi?"

"Andika nyingine."

Ameandika nyingine. Nimepewa onyo la maandishi, na kengele ya mtambo sasa inalia pia kwa fundi wa umeme wa ukumbini na kwake mwenyewe. Hatanifukuza, alisema, kwa sababu hakuna mwingine anayelielewa lile boila. Hakulisema kwa wema. Nilipofika mlangoni akaniambia, "Mama yangu mimi ana miaka sabini na tisa," na akarudi kwenye makaratasi yake.

Jumatano, tarehe 2

Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Mwalimu alikuwa ameketi, nywele zimechanwa, anasahihisha kwa kalamu gazeti la mtu. Amepungua. Miguu yake bado ina ganzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa. Umekula?"

Nikamwambia nimekuja kusema jambo na nisipolisema nikiwa nimesimama sitalisema. Nikalisema. Sikutaja mtandao, sikutaja barua ya Mama. Nilisema nilizima mlio, niliona jina lako, nikalisukuma kando.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama walimu wanavyomsikiliza mtoto anayeeleza alivyopata jibu lisilo sahihi.

"Nilipiga mara ngapi?"

"Saba."

"Mimi nilihesabu sita." Akaifunika kalamu. "Unajua kwa nini nilipiga?"

"Kwa sababu ya baridi."

"Mbili za kwanza, kwa sababu ya baridi. Wewe huwa unapokea, Fundi. Unapokea kwa kununa, lakini unapokea. Ulipokosa kupokea nikajua umeangukiwa na kitu huko chini kwenye mitambo yako, umelala peke yako na hakuna anayejua. Nikataka kushuka. Nilifika mlangoni, miguu ikakataa. Nikarudi kwenye kiti nikawa nakupigia tu." Alitazama nje. "Hofu yangu ilikuwa juu yako wewe."

Nilishika chuma cha kitanda.

"Nenda sasa," akasema. "Nimechoka."

Nilimpigia mdogo wangu nikiwa kituo cha basi. Alibaki kwenye simu mpaka basi likaja.

Alhamisi, tarehe 3

Nimelitengeneza komeo la namba kumi na tisa. Limechukua dakika sita.

Ijumaa, tarehe 4

Kazi ya reli imekwisha, siku moja kabla ya wakati. Saa kumi na mbili asubuhi milango ya ukumbi ilifunguliwa. Nilikuwa mbele ya skrini. Doa moja jekundu mlangoni, la pili, kisha kama wino uliomwagika. Nikazima boila.

Jumapili, tarehe 6

Nimeufuta ukurasa wa Dada Kikombe kwenye simu. Jioni nimeurudisha. Nimeufuta tena. Naandika kama ilivyokuwa.

Yeye hana kosa. Alikuwa anakunywa chai yake.

Jumatano, tarehe 9

Mwalimu amerudishwa na mwanawe. Niliwaona kwa mbali wakishuka kwenye teksi. Yule mwanawe hakunisalimia. Ameambiwa. Alitaka kumchukua mama yake akaishi naye. Mshonaji anasema wamebishana lifti nzima, na mama ameshinda.

Alhamisi, tarehe 10

Hakupiga.

Ijumaa, tarehe 11

Hakupiga. Nyumba namba kumi na tisa, nyuzi ishirini na mbili.

Jumamosi, tarehe 12

Hakupiga. Nilipanda mpaka ghorofa ya nne, nikasimama mlangoni kwake. Ndani redio ilikuwa inasema. Sikubisha. Nilishuka.

Jumatatu, tarehe 14

Leo saa nne asubuhi nilisikia mkongojo kwenye ngazi za chini. Hatua, mkongojo, pumziko. Nilidhani ni Msimamizi na magoti yake. Nikafungua mlango, na ngazi tatu juu yangu alikuwa Mwalimu, koti mpaka kidevuni, anahema.

"Mwalimu! Ungeniita nikaja!"

"Nimejaribu njia hiyo," akasema.

Akashuka zile ngazi tatu bila kuukubali mkono wangu, akaingia, akakalia kiti changu. Akaangalia mabomba, pampu, skrini.

"Nionyeshe hicho kilichotaka kuniua."

Nikamwonyesha ile swichi. Akaigusa kwa kidole kimoja. Alikuwa ameitarajia kubwa zaidi. Kisha akaanza kuuliza, na maswali yake hayakuwa ya kikongwe mpweke. Yalikuwa ya mtu aliyesimama ubaoni miaka arobaini. Feni zinavuta kiasi gani? Maji yanapanda kwa kasi gani? Kila jibu aliligeuza kichwani na kunirudishia kasoro yake.

"Haya. Mtu mmoja aliyekaa anatoa joto kiasi gani?"

"Wastani ni wati mia. Kama balbu moja ya zamani."

"Na chumba changu kinahitaji ngapi, siku ya barafu?"

"Elfu moja na mia mbili, kama dirisha limefungwa vizuri."

"Nimeliona dirisha." Hakusema asante. "Kwa hiyo watu kumi na wawili. Mimi peke yangu sitoshi."

"Hutoshi."

"Wewe je, kwako?"

"Sitoshi, Mwalimu."

Kwenye skrini treni ya saa nne na nusu ilikuwa imefika, ukumbi wote ukawaka.

"Sijakusamehe," akasema. "Nataka ulijue hilo, nisije nikakupa hesabu nusu. Labda nitakusamehe, labda nitakufa kwanza. Nikilala bado nasikia simu inaita upande wa pili."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Lakini wale kumi na wawili siwezi kuwapata kwa kukasirika." Akaukamata mkongojo na kunyoosha mkono mwingine, ule alioninyima alipokuwa anashuka. "Tupo wawili, tumepungukiwa na kumi. Yule mshonaji hufungua duka lake saa ngapi?"

"Jumatatu hafungui. Yuko nyumbani, ghorofa ya tatu."

"Ninyanyue basi."

Nikamnyanyua. Nilimpigia fundi wa umeme ashike zamu, simu nikaiacha mezani. Tulipanda zile ngazi polepole, ngazi moja, pumziko, ngazi moja, mpaka kwenye lifti. Mkono wake ulikuwa wa moto kwa sababu ya kupanda. Akabonyeza tatu.